Tulipolipima Gari la Mwanetu

Katika kazi ya uuguzi kuna jambo ambalo hakuna mtu anayelishangaa. Mama mzazi wa muuguzi akifika zahanati, anafungwa kile kitambaa cha kupimia presha mkononi kama mgonjwa mwingine yeyote. Hakuna anayenong'ona kwenye foleni kwamba, "Tazameni, hamwamini mama yake." Kila mtu anajua kwamba anapimwa kwa sababu anapendwa, na presha haijali huyu ni mama wa nani.

Lakini mwaka 2022, tulipoomba kulipima gari la mtoto wa kaka yetu kabla ya kulinunua, nusura undugu uvunjike. Tunaandika habari hii kwa sababu tunajua familia nyingi zimepita njia hiyo. Wengine waliona haya kupima, wakalipa, na sasa hawasalimiani na ndugu zao.

Sisi ni mume na mke. Tunaishi Kate, Wilaya ya Nkasi, huku kwenye nyanda za juu za Ufipa. Mmoja wetu ni muuguzi, mwingine ni mwalimu wa shule ya msingi. Kwa miaka sita tulikuwa tukiweka akiba kidogo kidogo: fedha za alizeti, za maharage, za mahindi yalipokuwa na bei, na mwisho mkopo mdogo kutoka chama cha kuweka na kukopa. Jumla yake ilifika shilingi milioni nane na nusu. Ndani ya fedha hizo ilikuwamo ada ya mwaka wa mwisho ya binti yetu aliyekuwa chuoni. Kwa hiyo tulijua kwamba tukinunua gari litakalotugeuka, halitatuangusha sisi wawili tu. Litamrudisha mtoto nyumbani kabla hajamaliza.

Gari tulilihitaji kweli. Ukikaa huku unajua. Mvua zikianza Novemba, barabara za vijijini zinakuwa tope hadi Aprili. Usiku mtu anagonga dirisha, mama ana uchungu, na usafiri uliopo ni pikipiki. Katika huduma ya kutembelea wagonjwa ya jumuiya yetu, mara nyingi tumefika tumelowa kuliko wagonjwa wenyewe.

GARI JEKUNDU

Mwezi wa Julai mwaka ule mtoto wa kaka yetu mkubwa alikuja Sumbawanga kutoka Mbeya anakofanya kazi. Alikuja na gari lake, Toyota Celica jekundu, milango miwili, mgongo umeteremka kama wa samaki. Alikuwa analiuza ili afunge ndoa mwezi wa Septemba. Alitaka milioni saba.

"Shikamoo baba mdogo, shikamoo mama mdogo," alitusalimia huku akifuta vumbi kwenye kioo kwa kitambaa. "Sitaki kuliuza kwa mtu baki. Hii ni kupe, haziko nyingi."

Bibi yake, aliyekuwa anaota jua ukutani, akainua kichwa. "Kupe? Kupe huyu wa ng'ombe?"

Tulicheka sana. Kijana akamweleza kwamba kupe ni aina ya gari, gari la spoti, chini na jepesi, la milango miwili. Bibi akalitazama tena, akasema, "Kwetu kupe ni mnyonya damu tu." Tukacheka tena, wala hatukujua kwamba siku chache baadaye tungelikumbuka neno hilo.

Tusifiche ukweli: lile gari lilitupendeza. Magari ya kawaida ya kubebea watu na mizigo tuliyoyaulizia yalikuwa ghali kuliko hili. Hili lilikuwa rahisi, lilikuwa zuri, na lilikuwa la mwanetu. Tulianza hata kujipa sababu. Watoto wamekua. Tumebaki wawili. Viti viwili vya mbele vinatutosha. Waswahili walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, lakini mtu akishapenda, methali huzikumbuka baadaye.

SWALI LA KWANZA NI LA MNUNUZI

Usiku ule tulikaa tukajiuliza kama tunavyomuuliza mgonjwa: tatizo lako ni nini, na unataka msaada gani? Gari hili litafanya kazi gani kwetu?

Tukaandika kwenye daftari. Litatoka Kate hadi kwenye lami na kurudi, masika na kiangazi. Litabeba mama mjamzito usiku. Litabeba magunia ya mahindi wakati wa mavuno. Litatengenezwa na mafundi waliopo na kwa spea zinazopatikana karibu.

Ukilinganisha daftari lile na gari lile, maswali yalianza kujitokeza yenyewe. Mama mwenye uchungu hawezi kujikunja apite nyuma ya kiti cha mbele. Gari lililokaa chini linakwangua tumbo kwenye matuta ya tope. Tulijifunza kwamba uimara wa gari haupo hewani. Gari imara kwa barabara ya lami ya Mbeya linaweza kuwa dhaifu kabisa kwa barabara ya Kate. Unapouliza kama gari ni la kutegemewa, malizia swali lako: la kutegemewa kwa safari gani?

Hata hivyo hatukukata tamaa. Tulisema tulipime kwanza. Tukamwomba kijana alilete Kate tulione kwenye barabara yetu. Akajikuna kichwa. "Baba mdogo, ile barabara italivunja gari. Njooni mlione hapa mjini."

Hapo tungeweza kupata jibu letu. Gari lisiloweza kufika nyumbani kwetu kukaguliwa, lingewezaje kuishi nyumbani kwetu? Lakini moyo ulikuwa umeshapenda, tukasema sawa, tutakuja mjini.

KUSIKILIZA HISTORIA

Kaka yetu aliposikia kwamba tunakuja na fundi, alikasirika. Alitupigia simu. "Mnataka kumkagua mtoto wenu kama mwizi? Yeye ameshawaambia gari ni zima."

Tulimjibu kwa upole kwamba hatumkagui mtoto, tunakagua chuma. Akasema chuma hicho ni cha mtoto. Mazungumzo yakaishia hapo, na tukabaki na uchungu. Tulikaribia kughairi. Kilichotutia nguvu ni kile kitambaa cha presha. Kama mama haoni aibu kupimwa na mwanawe, kwa nini gari lione aibu?

Katika uuguzi, kabla ya kumgusa mgonjwa tunasikiliza historia. Tulimuuliza kijana maswali bila kumtega. Ulilinunua lini? Kwa nani? Oili hubadilishwa kila baada ya muda gani? Mara ya mwisho kuongeza oili ilikuwa lini? Limewahi kugongwa? Limewahi kuchemsha?

Alijibu vizuri yote ila moja. Kuhusu kuongeza oili alisema, "Huwa naongeza kidogo tu, mama mdogo. Magari ya spoti ndivyo yalivyo." Alisema bila hila. Ndivyo alivyoambiwa na aliyemuuzia.

Kisha tukaangalia kadi ya gari. Jina lilikuwa lake, na hilo lilitufurahisha, kwa maana wengi wanauza magari ambayo kadi bado ina jina la mtu wa tatu asiyejulikana aliko. Namba ya chesisi kwenye kadi tulilinganisha na ile iliyogongwa kwenye bodi ya gari, tarakimu kwa tarakimu, kama tunavyolinganisha jina la mgonjwa na chupa ya dawa. Zilifanana. Kwa namba ya gari tuliangalia pia kama kuna faini za usalama barabarani ambazo hazijalipwa.

Hapa tuwaambie akina mama jambo moja linalowapoteza wengi. Watu husema, "Gari bado jipya, namba D." Herufi za kwenye namba zinaonyesha gari liliandikishwa lini hapa nchini, hazionyeshi lilitengenezwa lini. Gari la mwanetu lilikuwa namba D, lakini kadi ilisema lilitengenezwa mwaka 2001. Lilifika Tanzania likiwa limeshatembea zaidi ya miaka kumi kwingine. Soma mwaka wa kutengenezwa ndipo ujue umri.

KUANGALIA NA KUGUSA

Siku ya kwanza tulifika saa tatu asubuhi. Kijana alikuwa ameliwasha, linanguruma. Alifanya hivyo kwa heshima, tusingoje kwenye baridi. Mmoja wetu aliweka kiganja juu ya boneti, likawa la moto. Tukamwambia mwanetu, kwa leo tutaangalia bodi tu. Kesho tutakuja saa kumi na mbili, na tafadhali usiliwashe kabla hatujafika. Injini iliyopashwa moto huficha mengi, kama mgonjwa aliyekunywa dawa ya kushusha homa kabla ya kuja kupimwa.

Kwa hiyo siku ile tuliangalia bodi. Tulisimama mbali, tukachuchumaa, tukaangalia rangi ikipigwa na jua la pembeni. Mlango wa kulia ulikuwa na wekundu uliotofautiana kidogo na wa bodi nzima. Tulichukua sumaku ndogo, tukaifunga kwenye kitambaa laini isikwaruze rangi. Sehemu nyingi ilinata. Chini ya mlango ule haikunata. Pale palikuwa na puti nene badala ya bati. Maana yake lilishagongwa ubavuni na kutengenezwa. Si kosa kubwa lenyewe, lakini muuzaji wa kwanza hakumwambia mwanetu.

Tuliangalia matairi. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukiona 2314, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi linaweza kuwa na meno mazuri na bado likawa limezeeka. Tuliangalia pia kama yamelika upande mmoja, dalili kwamba magurudumu hayakukaa sawa.

Saa ya kilometa ilionyesha 98,000. Ni chache kwa gari la miaka ishirini na moja. Lakini raba ya pedeli ya breki ilikuwa imelika hadi laini, na ngozi ya usukani imeng'aa kwa mikono. Saa ya kilometa huweza kurudishwa nyuma. Pedeli haisemi uongo kirahisi. Hatukumshitaki mtu. Tuliandika tu kwenye daftari: umri wa mwili ni mkubwa kuliko umri unaotajwa.

Mwisho tukafungua buti, tukainua zulia kuona kama kuna maji au kutu kwenye shimo la tairi la akiba. Kutu haikuwepo. Lakini pembeni, zimefungwa vizuri kwenye mfuko wa nailoni, tulikuta kopo tatu za oili. Mbili zilikuwa tupu.

ASUBUHI YA BARIDI

Anayejua Sumbawanga ya Julai anajua baridi yake. Kesho yake saa kumi na mbili tulikuwa pale, tumejifunga mablanketi, pamoja na fundi. Fundi huyu tulimtafuta sisi wenyewe, asiyefahamiana na mwanetu, na tulimlipa ujira wake kabla hajaanza. Tulimwambia wazi: tukinunua au tusiponunua, ujira wako ni huo huo. Fundi anayelipwa kwa kufanikisha biashara ataona biashara. Fundi aliyekwishalipwa ataona gari.

Boneti lilikuwa baridi kama jiwe la kusagia. Fundi alifungua kifuniko cha rejeta, kitu kisichofanywa kamwe injini ikiwa ya moto. Maji yalikuwa safi. Alifungua mfuniko wa oili akatazama upande wa ndani. Ukiona utelezi mweupe kama chai ya maziwa, maji na oili vimekutana mahali visipotakiwa kukutana. Hapakuwa na maziwa. Tukaanza kupata matumaini. Kisha akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Oili iligusa ncha tu.

"Uliongeza lini?" alimuuliza kijana.

"Nikiwa natoka Mbeya."

Fundi akanyamaza. Akaomba ufunguo ugeuzwe bila kuwasha injini, ili aone taa za tahadhari kwenye dashibodi. Hili nalo mlikumbuke: taa zile zinatakiwa ziwake kwanza, ndipo zizime baada ya injini kuwaka. Taa ambayo haiwaki kabisa si habari njema. Huenda mtu ameitoa balbu ili isiseme. Zote ziliwaka, na injini ilipowashwa zote zikazima. Hapo mwanetu alikuwa mkweli kabisa.

Bomba likatoa mvuke mweupe kama pumzi zetu wenyewe, na baada ya dakika chache ukatoweka. Huo ni wa kawaida asubuhi ya baridi. Mweupe mzito usiokoma ndio wa kuogopa, kwa kuwa huenda maji yanaingia ndani ya silinda. Mweusi ni wa mafuta yanayoungua vibaya. Fundi akaacha injini ingurume taratibu kwa muda, kisha akakanyaga mafuta. Likatoka wingu la rangi ya buluu. Akakanyaga tena. Buluu tena. Akapitisha kidole ndani ya mdomo wa bomba, kikatoka cheusi chenye utelezi.

"Moshi wa buluu ni oili inayoungua," alituambia. "Ukitoka mara moja asubuhi ukakoma, mara nyingi ni sili za valvu. Huu unarudi kila nikikanyaga. Nafikiri ni ringi za pistoni. Bila kuifungua injini siwezi kuapa."

Akatueleza zaidi, nasi tukaandika. Celica za umbo lile zilitengenezwa kuanzia mwaka 1999 hadi 2006, na injini zake zilikuwa za aina mbili, zote za sisi 1,800. Ile ya kawaida, inayoitwa 1ZZ, katika miaka yake ya mwanzo ilikuwa na udhaifu unaojulikana na mafundi. Matundu ya kwenye pistoni yanayorudisha oili chini yalikuwa madogo. Masizi yakiziba matundu yale, ringi zinakwama, na oili inapanda kuungua pamoja na petroli. Baadaye kiwanda kilibadilisha pistoni hizo. Gari la mwanetu lilikuwa la ile miaka ya mwanzo. Nyingine za aina hiyo zimetunzwa vizuri na zinatembea bila shida. Ndiyo sababu halihukumiwi jina, linapimwa lile lililo mbele yako.

Tuliliendesha pia, kwa kuwa fundi alisisitiza. Usukani ulipozungushwa hadi mwisho na gari likatembea taratibu, halikugonga magurudumu ya mbele. Breki zilishika bila kuvuta upande. Gia ziliingia bila kushtuka. Lilikwenda vizuri kabisa, na pale kwenye lami tulilipenda upya. Hapo ndipo tulipoelewa kwa nini watu wanadanganyika: gari linaweza kukimbia vizuri siku ile ile linapokuwa linajinyonya lenyewe.

Bibi alikuwa amesema kweli. Lilikuwa kupe.

USIKU WA KUAMUA

Hatukulala usiku ule. Fundi alisema injini ikifunguliwa, gharama itategemea atakachokuta, na huenda ikawa nafuu kutafuta injini nyingine. Petroli mwaka ule ilikuwa imeshavuka shilingi 3,000 kwa lita. Tukiongeza oili kila safari, tukiongeza injini, ada ya binti inatoka wapi?

Mmoja wetu alisema tununue tu. Milioni saba ni fedha, lakini kaka ni kaka, na harusi iko mlangoni. Mwingine akasema hapana. Hatutawaambia ni nani alisema lipi, maana kabla ya alfajiri tulikuwa tumebadilishana nafasi mara mbili. Tuliomba pamoja. Tukaona kwamba kulinunua gari tunalojua ni bovu ili kuepuka maneno hakutamsaidia kaka. Likifa njiani tungemlaumu kimyakimya maisha yetu yote, na lawama za kimyakimya ni mbaya kuliko ugomvi wa siku moja.

Asubuhi tulikwenda kwa kaka. Tuliwaeleza wote wawili, yeye na mwanawe, mbele ya bibi. Hatukusema, "Umetaka kutuibia." Tulisoma daftari: jambo hili ni zima, hili ni zima, hili ni gonjwa. Tulitaja mazuri kwanza kwa kuwa yalikuwepo.

"Mmemlaza mwanangu kitandani mkampasua," kaka alisema, akatoka nje.

Kijana alibaki ameinamisha kichwa. Mwishowe akauliza, "Kwa hiyo na mimi niliponunua lilikuwa hivi hivi?" Hatukuwa na jibu, lakini alikwishalipata. Kwa miaka miwili alikuwa akinunua oili akidhani ndiyo ada ya kuwa na gari la spoti. Hakuna aliyempima wakati ule, wala yeye hakuthubutu kuomba, maana aliyemuuzia alikuwa rafiki.

KILICHOFUATA

Kaka hakutupigia simu hadi karibu na harusi. Tuliumia, lakini hatukujibu kwa hasira. Tulitoa mchango wa harusi mkubwa kuliko tuliopangiwa, kutoka katika fedha ambazo zingelala kwenye injini. Tulihudumia wageni, tukaosha masufuria, tukacheza.

Mwezi wa Desemba mwanetu alipiga simu kutoka Mbeya. Injini ilikuwa imefunguliwa, na ni ringi kweli. Alitengeneza, kisha akaliuza kwa kijana mwingine kwa bei ya chini kuliko aliyotaka mwanzo. "Nimemwambia yote, mama mdogo," alisema. "Mpaka ile puti ya mlangoni. Nimempa na risiti za fundi." Tuliposikia hivyo tuliona kwamba kupima kwetu kumefika mbali kuliko tulivyodhani.

Sisi tulinunua gari letu mwaka uliofuata, Toyota Probox nyeupe isiyogeuziwa macho na mtu yeyote. Tulilipima kwa daftari lile lile, asubuhi na mapema, boneti likiwa baridi. Nalo lilikuwa na kasoro: shokapu za nyuma zimechoka na mlango mmoja umebonyea. Muuzaji alizikiri, bei ikapungua, tukanunua shokapu kwa tofauti ile ile. Limeshatulaza njiani mara moja na kutusumbua mara kadhaa, kwa maana hakuna gari lililotumika lisilo na siku yake. Lakini ugonjwa wake tunaujua. Na binti alimaliza chuo.

Kaka naye, hatukuwahi kukaa naye kulizungumza jambo lile. Ila alipotaka kununua pikipiki iliyotumika kwa jirani yake, alitupigia simu saa mbili usiku. "Kesho njooni alfajiri," alisema. "Na lile daftari lenu."

Akina mama wenzetu, mara nyingi sisi ndio tunaotunza akiba ya nyumba, lakini gari likiletwa tunaambiwa hayo ni mambo ya wanaume na mafundi. Usikubali kukaa pembeni. Huhitaji kujua injini ili uweke kiganja juu ya boneti, usome mwaka kwenye kadi, uulize oili iliongezwa lini, na uinue zulia la buti. Sema mapema, kabla hujaliona gari, kwamba utalipima, awe anauza ndugu, rafiki au mtu wa kanisani, ili asije akadhani umeanza na yeye. Na siku utakapouza wewe, usingoje kuulizwa. Funga kitambaa cha presha kwenye mkono wako mwenyewe kwanza, umwambie mnunuzi kilichosomeka.